Nondo za Paa la Rubabbai

Ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na nane. La, nimeanza kwa kukosea, mnisamehe. Ilikuwa kumi na tisa. Mwaka wa kumi na nane Theonest alikuwa bado na jino lake la mbele, na siku ile ya sinia alitafuna nyama kwa upande kama mbuzi, kwa hiyo jino lilikuwa limekwisha kwenda zake. Kumi na tisa basi, mwezi wa pili, masika hayajabisha hodi.

Theonest alikuwa fundi nondo. Watu humsifu fundi rangi, humsifu fundi vigae, lakini fundi nondo nani anamsifu? Kazi yake huonekana siku tatu nne tu, kisha zege linaifunika, na kuanzia hapo wanaoijua ni wawili, yeye na Mungu. Alitoka Muleba akiwa kijana wa miaka ishirini, na kwa miaka thelathini na mbili alikuwa amefunga nondo za maghorofa, makalavati, matangi ya maji, na ngazi nyingi kuliko alizowahi kupanda. Mfukoni hakukosa punje za kahawa ya kutafuna ya kwao. Akiwa ametulia alitafuna moja moja. Akiwa na wasiwasi, mbili mbili. Mkewe alimsoma kwa hizo.

Mkewe ni Atuganile, Mnyakyusa wa Tukuyu, karani wa shule ya msingi moja huko Mbezi. Walijenga Kimara, mteremkoni, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Atuganile alisimama Njiapanda ya Kisima kungoja basi. Palikuwa hapana hata bati. Jua likichoma, linakuchoma. Mvua ikinyesha, watu wanajibana kwa zamu chini ya mwavuli wa muuza vocha.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Kibohora, Rubabbai, ambaye katika uzee wake alikuwa akija Kimara kila Alhamisi kumtazama yaya aliyemlelea wanawe. Alipita hapo njiapanda, akawaona watu wanavyoloa. Akamwambia mwanawe, Zoeb, mwenye duka la mabomba na masinki Mikocheni: "Nikifa, msihangaike na maneno mengi. Wajengeeni wale kivuli." Akafa. Zoeb akaomba kibali, akapewa, akaamua kujenga kituo cha basi kwa jina la mama yake, sadaka isiyokatika, kila atakayejikinga hapo mama apate fungu lake huko aliko.

Mchoro ulichorwa na binti yake Zoeb, Samina, injinia wa majengo na barabara, mwenye ofisi yake ghorofani juu ya duka la baba. Alichora kitu kizuri. Nguzo nne nyuma, mstari mmoja, na paa la zege linalotokeza mbele mita mbili bila nguzo yoyote ya mbele, ili mtu akitoka kukimbilia basi asigongane na kitu. Lilionekana kama mkono ulionyooshwa kumkinga mtoto.

Na hapo kwenye mkono ndipo penye habari yote. Theonest aliwaelezaga wasaidizi wake hivi: nyosha mkono, nikutundikie ndoo ya maji. Msuli gani unauma? Wa juu, hapa begani. Basi na paa la namna hii ni vivyo hivyo, nondo za kazi zinakaa juu. Sakafu ya kawaida nondo zake zinakaa chini, mtu akikosea kidogo Mungu anasamehe. Lakini paa la kutokeza, nondo zikishuka zikalala chini, umefunga kamba mahali pasipovutwa. Kwa hiyo huziinua kwa viti, yaani vipande vya nondo vilivyokunjwa kama miguu ya kigoda. Na siku ya kumwaga zege kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na kila fundi anaijua: fundi nondo hashuki kutoka juu ya mbao mpaka karai la mwisho. Maana wabeba zege wanapita juu ya nondo na mabuti yao, viti vinalala, nondo zinashuka, na ni yeye tu, na kulabu yake, anayezirudisha kabla zege halijazifunika.

Asubuhi ya siku ile Samina alipanda mwenyewe, akapima kwa futi kila hatua.

"Shikamoo, mzee Theonest."

"Marahaba, injinia. Pima, usinionee haya."

"Sentimita mbili na nusu kutoka juu. Na hapa. Na hapa pia. Safi kabisa." Akasaini karatasi yake juu ya goti. "Nakwenda Kipawa, kuna saiti nyingine inanisubiri. Nakuomba kitu kimoja tu, mzee wangu. Usishuke."

"Nishuke niende wapi? Mie chini ni mzee, huku juu bado kijana."

Akacheka, akaondoka. Saa tatu hiyo.

Zege lilianza kupanda saa tano na nusu. Mwenye kazi alikuwa Godlisten, Mchaga mmoja mchangamfu, mkandarasi mdogo wa pikapu moja na simu tatu. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa ya kukodi, inatakiwa irudi saa kumi, hivyo alikuwa anawakimbiza watu kama kuku. Theonest alikwenda nao hatua kwa hatua, kulabu mkononi, akiinua na kupiga kelele: "Kanyaga mbao, we! Mbao! Nondo si ngazi ya mamako!" Upande wa kulia ukaisha vizuri.

Saa saba kasoro likaletwa sinia.

Zoeb alikuwa ametandika turubai hatua kumi na tano kutoka pale, kwa sababu siku ya kumwaga zege watu hulishwa, na yeye aliwalisha kama kwao. Kwao Wabohora hula pamoja kwenye sinia moja kubwa, limeinuliwa juu ya kigoda, watu wanane wamelizunguka. Chumvi inapitishwa kwanza, kila mtu anaonja kwa ncha ya kidole, na hakuna anayenyanyuka mpaka sinia liwe tupu na chumvi ipite tena. Wabeba zege walikuwa wanakula kwa zamu pembeni, kwenye sahani. Lakini sinia lile la wakubwa lilikuwa na watu saba.

"Mzee Theonest!" Zoeb aliita, amevaa kofia yake nyeupe yenye nakshi ya dhahabu. "Njoo, bwana. Tuko saba. Bila wewe sinia halijatimia."

"Bosi, zege linapanda. Mie nitakula baadaye."

"Baadaye gani? Chakula cha mama hiki. Nimeagiza mwenyewe. Utaniachia nafasi ya mama wazi?"

"We Theo, nenda bwana," Godlisten akasema kutoka chini. "Zege linapanda lenyewe, na wewe kapande kwenye pilau. Mie niko hapa."

Angefanyaje? Mtu amefiwa na mama yake, anakuita mbele ya watu, wewe fundi mwenye udongo kwenye kucha, anakutaka ukae naye bega kwa bega. Kumkatalia ni kumtukana. Theonest alishuka. Akanawa, akakaa, akaonja chumvi.

Kikaja kwanza kitu kitamu, halafu sambusa, halafu kuku, halafu kitu kitamu tena, halafu ndipo pilau. Kila alipotaka kuinuka mtu alimwekea kipande mbele yake. Na wakati wote huo alikuwa anasikia mabuti. Du, du, du, juu ya mbao. Halafu sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, kri, kri, na alijua hiyo si mbao, hiyo ni chuma. Akatazama sinia: bado robo. Akatazama chumvi: iko mbali. Alitafuna kwa upande, haraka, akiwaomba wenzake moyoni wale kama watu wenye njaa.

Alipopanda tena, upande wa kushoto ulikuwa umeshafunikwa, mita nne nzima, na jamaa wawili wanausawazisha kwa ubao. Akachomeka kulabu karibu na mstari wa nguzo. Hapo ilitakiwa aguse chuma mara moja. Kulabu ikazama, ikazama, mpaka kidole chake cha shahada kikaingia zegeni chote. Ndipo ikagonga. Akahama hatua, akachomeka. Vilevile. Akavuta kwa nguvu kuinua; jua lilikuwa kali, zege limeshaanza kushika, nondo ikagoma kama gego.

"Godi," akaita kwa sauti ya chini. "Huku wamekanyaga. Zimeshuka."

"Zimeshuka kiasi gani?"

"Nyingi. Tulikwangue hili zege, tuanze upya."

Godlisten alitazama saa, akatazama mashine, akamtazama Zoeb kule kwenye turubai anawagawia watoto wa jirani sharubati. "Theo, wee mzee wangu, acha woga. Hapa pana nondo za kubebea treni, nani atapanda juu? Ndege? Zege linashika, hilo. Funika."

Na Theonest, mtu wa miaka thelathini na mbili kazini, akafunika.

Zege husubiri siku ishirini na nane kupata nguvu zake. Siku zote hizo lilikaa juu ya mirunda, miti ya kushikilia, na Theonest alikwenda kulimwagilia asubuhi na jioni ingawa haikuwa kazi yake. Alikuwa anajiambia maneno. Labda kulabu ilipinda. Labda ni pale tu. Usiku alilala vizuri, ajabu. Hofu yake ilikuwa ya mchana, ilikuja na mwanga, saa ile Atuganile anapofunga kilemba chake mbele ya kioo.

Siku ya kutoa mirunda aliomba aitoe yeye. Unaanza ukingoni, unarudi ndani taratibu, ili paa lijibebe kidogo kidogo. Kila mrunda ulipolegea aliufuata kwa sikio. Watu walikuwa wamejaa, Zoeb na ndugu zake, bodaboda wa kijiwe cha hapo, kinamama. Mrunda wa mwisho ulipotoka, Theonest hakujisogeza. Alibaki chini ya paa, peke yake, uso juu, mabega yamekunjwa.

"Mzee, piga picha basi, mbona kama unasubiri mpira wa kona?" alisema Brightson, kijana wa bodaboda, na wote wakacheka.

Paa lilikaa. Wakapiga makofi. Bamba la jiwe likabandikwa lenye jina la Rubabbai, na Samina akamshika Theonest mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa na furaha, binti wa watu, kituo chake cha kwanza. Theonest akafungua mdomo, akautia kahawa badala ya maneno, akatafuna mbili.

Kesho yake aliegemeza ngazi, akapanda. Juu ya mstari wa nguzo, upande wa kushoto, palikuwa na ufa. Mwembamba kama unywele, mrefu kama mkono. Akatoa penseli sikioni, akachora alama ndogo kila ncha na kuandika tarehe, maana ndivyo wanavyofanya. Ufa ukitembea, unavuka alama yako, unajua. Wiki ya tatu ulivuka. Akachora nyingine. Masika yakaja, ukavuka tena. Shimo la kutolea maji likizibwa na majani, maji yanatuama juu kama bwawa, na maji yana uzito, hivyo kila mvua ikikatika alikuwa juu anazibua. Watu wakamwona mtu wa huruma, anatunza sadaka ya wenyewe.

"Mzee Theo, umehamia juu?" Brightson alimwambia. "Kodi unamlipa nani?"

"Namlipa mama Rubabbai," alijibu, na hakucheka.

Nyumbani akaanza mambo ya ajabu.

"Mama, unaposimama pale kituoni, husimama wapi?" alimuuliza Atuganile siku moja, anakunywa chai.

"Husimama wapi? Swali gani hilo? Nasimama penye kivuli."

"Upande upi?"

"Kushoto. Kuna upepo."

Akaweka kikombe. "Simama kulia. Karibu na nguzo. Kabisa, uiguse."

"Niiguse nguzo, mie mbuzi?"

"Au nje kidogo. Nje ni pazuri, una mwavuli."

Atuganile aliutazama mfuko wa shati lake. "Baba, leo umetafuna ngapi?"

"Za nini?"

"Nimekuuliza ngapi."

Akaufunika mfuko kwa kiganja. Tangu siku hiyo Theonest alianza kumsindikiza. Mwanamume mzima, asubuhi kabla ya kazi, anamshusha mkewe mteremkoni mpaka njiapanda, anamweka upande wa kulia kama mtu anayepanga glasi, na kusubiri mpaka basi liondoke. Kinamama wakamwonea wivu Atuganile. "Mwenzetu unapendwa!" walisema. Na chini ya paa la kushoto walikuwa wanasimama hao hao kinamama, na wanafunzi, na yule muuza vocha aliyehamishia meza yake hapo. Hawa hakuna wa kuwasindikiza. Aliwahesabu kila asubuhi, hakutaka lakini aliwahesabu. Kumi na moja. Kumi na saba. Siku ya Jumatatu, ishirini na tatu.

Mara mbili alipanda basi kwenda Mikocheni kumwambia Samina. Mara ya kwanza alishuka njiani. Mara ya pili alifika mpaka dukani, Zoeb akamwona, akaagiza soda, akamsimulia jinsi alivyomwota mama amekaa kwenye kivuli chake. Mtu akikusimulia ndoto ya namna hiyo unasemaje? Alikunywa soda, akarudi.

Ikawa Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tisa alasiri. Mtu alikuwa anafungua saluni jirani na kituo, ameleta muziki wa singeli. Vijana wakaona paa la kituo ni jukwaa zuri. Wakapandisha spika mbili kubwa, zile za kimo cha mtu, wakaziweka ukingoni, upande wa kushoto. Kisha wakapanda wenyewe.

Theonest alikuwa anatoka kununua mkaa. Alisikia muziki kabla hajaona, akainua macho, akaona vichwa juu ya paa. Wanaruka, wote pamoja, kwa mdundo. Mguu mmoja, mguu mwingine. Alisimama. Halafu wingu lililokuwa limetanda tangu adhuhuri likafunguka, mvua kubwa, na kila aliyekuwa barabarani akakimbilia wapi? Chini ya paa. Basi likasimama, likashusha watu, nao wakakimbilia palepale. Na mmoja wao alikuwa na kilemba cha rangi ya machungwa na mfuko wa viazi kichwani. Atuganile, katoka sokoni. Na leo hakuna wa kumpanga, kasimama kushoto, penye upepo.

Mkaa ulianguka. Alikimbia.

"Shukeni! Shukeni nyie! Tokeni hapo chini!"

Nani anasikia? Singeli ile haikuachii hata uisikie akili yako. Brightson alikuwa juu, kavua shati, akamwona, akampungia. "Mzee mwenye nyumba huyo! Mzee Theo, njoo upokee kodi!"

"Brightson, mwanangu, shuka! Paa bovu!"

"Bovu nini, mzee? Umejenga mwenyewe!"

Wakaruka tena. Theonest aliona, au alidhani ameona, mstari wa maji ukingoni ukiinama na kuinuka kama mdomo wa mtu anayetaka kusema. Hakuwa na ngazi. Hakuwa na sauti. Akaona waya mnene unaotoka saluni, unapanda kwenye spika, akaufuata kwa macho mpaka ukutani. Aliingia saluni na matope yake, akapita katikati ya wanawake wenye dawa kichwani, akaung'oa.

Kimya. Mvua tu.

Halafu kelele za hasira. Ulipokatwa muziki, vijana wale walishuka kama nyuki, wanaruka chini ili wamwahi. "Mzee vipi? Una wazimu?" Wa kwanza akamshika ukosi, wa pili, Brightson mwenyewe, akampiga kofi la sikio, kofia ikaenda. Atuganile alipoona ni mumewe, alitupa viazi, akatoka chini ya paa mvuani akipiga mayowe, na kinamama wote waliokuwa naye wakatoka nyuma yake kumsaidia. Theonest, damu mdomoni, ameshikwa kama mwizi, alitazama juu ya mabega ya waliompiga. Juu ya paa hapana mtu. Chini ya paa hapana mtu. Akaanza kulia, na kulia kule ndiko kuliwafanya wamwachie.

"Nondo zimeshuka," akamwambia mkewe. "Zimekanyagwa. Nilikuwa nakula."

Jumatatu alivaa koti lake la kanisani, akaenda Mikocheni, na safari hii Atuganile alikaa kiti cha pembeni ili mumewe asishuke njiani.

"Karibu, mzee. Mbona koti? Kuna msiba?" Samina aliuliza.

"Bado haujatokea, injinia."

Alisimulia yote, tangu chumvi mpaka kofi. Samina hakumkatiza. Mwishoni aliuliza kitu kimoja: "Kiasi gani?" Theonest akainua kidole cha shahada, akakiegemeza mezani, kimesimama. Samina akakipima kwa rula, kile kidole, kama vile ndicho nondo yenyewe. Akapiga hesabu. Akageuza karatasi, akapiga tena kutoka mwanzo, kama mtu anayetumaini kalamu imekosea.

"Nguvu yake imebaki chini ya nusu," akasema. Rangi ilikuwa imemtoka. "Na saini ni yangu. Nilisaini saa tatu, upande wa kushoto ukamwagwa saa saba. Nilikuwa Kipawa." Akasimama, akakaa. "Miezi tisa, mzee. Mie nimepiga picha na wanafunzi pale chini."

Zoeb aliitwa kutoka dukani. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Nani alikuambia ushuke?" akauliza.

"Nilishuka mwenyewe, bosi."

"Sivyo." Alivua kofia yake, akaitazama ndani. "Mie nilikuita. Mara mbili."

Jioni hiyo hiyo mirunda ikarudishwa chini ya paa na kamba ikazungushwa. Kesho yake walitoboa tundu juu. Nondo zilikuwa sentimita nane na nusu kwenda chini. Kulabu haikudanganya. Zoeb akasema livunjwe lote, jina la mama yake halitakaa juu ya kichwa cha mtu kwa bahati nasibu.

Hapo ndipo ilipoanza hofu nyingine, ambayo Theonest hakuitegemea.

Paa lilikataa kuvunjika. Mafundi sita, nyundo za kilo nane, siku nzima, wakaondoa kipande cha mita moja. Siku ya pili vilevile. Watu wakajaa kutazama, wengine wana hasira.

"Umetutoa juu, mzee, sasa umetutoa na chini!" Brightson alisema. Alikuwa ameshaomba radhi kwa lile kofi, lakini mdomo wake haukuomba.

Godlisten alikuja siku ya tatu, mikono mfukoni. Kazi zake mbili zilikuwa zimesimamishwa mpaka zikaguliwe. "Umeona?" akasema, hana utani tena. "Hicho kitu kingewazika wajukuu zako. Vijana kumi na sita walirukaruka juu, na spika, na mvua. Kilibeba. Umeniua kwa ajili ya woga wako, Theo."

Siku ya nane kilianguka kipande cha mwisho, vyote vikachukuliwa na lori. Zikabaki nguzo nne zimesimama nyuma ya watu kama walinzi waliosahaulika, na watu wakarudi kunyeshewa. Zoeb alisema atajenga tena, lakini mwaka uliofuata mambo yakamwendea vibaya, na mwaka mwingine ukapita. Atuganile alirudi nyumbani ameloa mara nyingi. Alitundika kilemba, kikadondosha maji sakafuni, tone, tone, na Theonest aliyatazama.

Theonest alibaki na swali moja. Alimuuliza mkewe kwanza, akasema, "Mshukuru Mungu, baba, ule chakula." Alimuuliza Zoeb, akazungumzia mama yake. Godlisten hakupokea simu. Mwisho alimwendea Samina, siku aliyokuja kupima nguzo, akamngoja mpaka amalize, akamsindikiza kwenye gari. Samina alifungua mlango, akaweka mchoro kiti cha nyuma, akashika usukani, na kioo kilikuwa kimeshushwa, alilisikia swali vizuri kabisa. Alitazama barabara mbele yake, midomo yake ikijongea kidogo kama mtu anayepiga hesabu, kisha akawasha gari akaondoka.

Swali lenyewe lilikuwa hili: "Injinia, usinifiche. Jumamosi ile, kama nisingeng'oa ule waya, lingeanguka?"